Kazi ikiisha, unalala wapi? Swali la Kericho kwa nyumba mpya za Nairobi

Mvunaji majanichai wa Kericho akilipwa mshahara, kuna pesa zilizoondoka kabla hajazigusa. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5 nyingine. Anayelipwa Sh20,000 anakatwa Sh300 kila mwezi. Utasema Sh300 ni nauli tu. Lakini hebu angalia anakolala jioni: kwa nyumba ya kampuni, ndani ya shamba la kampuni. Hata akikaa humo miaka 30, haitakuwa yake.

Yaani anachangia nyumba za wengine, na paa la kichwa chake linashikiliwa na kazi peke yake.

Niliishi Kabianga karibu miaka miwili kabla karo kunishinda, nikaacha masomo na kuja Nairobi kusaka. Ukiitazama haraka, Kabianga ni chuo kikuu, shule, soko, ng'ombe na vishamba vya chai vya watu binafsi. Lakini ukifika upande wa mashamba makubwa, chai inatandazwa mpaka macho yanachoka. Katikati ya huo ukijani utaona nyumba ndogo zimepangwa safu kwa safu, zinafanana kama madaftari ya darasa moja. Wanafunzi wengi tulikuwa tunapita hapo tukipiga picha za Instagram. Ni wachache waliouliza nani anaishi pale, na kwa masharti gani.

Sasa naishi kwa keja ya chumba kimoja Embakasi, na kila siku nasikia watu wakibishana kuhusu nyumba za bei nafuu. Bei ni ngapi? Nani amepata? Mbona jikoni ni ndogo hivyo? Maswali mazuri hayo. Ila kuna swali moja ambalo watu wa kambi za chai wanalielewa kutuliko sisi wa mjini: kazi ikiisha, unalala wapi?

Nyumba inayokuja na kazi

Kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na ile ya James Finlay, zilianza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwapokonya Wakipsigis na Watalai. Chai haina likizo. Inavunwa mwaka mzima, na majani yakishakatwa lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kampuni zilitaka wavunaji wakae karibu na kazi. Zikajengwa kambi: nyumba za safu, nyingine za mviringo, pamoja na mifereji ya maji, shule, zahanati na uwanja wa mpira.

Tuseme ukweli, kwa wengi huo ulikuwa mpango poa. Hulipi kodi ya nyumba, hupandi matatu kwenda kazini, mtoto anasoma karibu. Hata sheria iko upande huo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au amlipe pesa za kutosha kupanga nyumba. Kambi ya chai ni hilo chaguo la kwanza.

Shida iko kwa hilo neno mfanyakazi. Siku ukiacha kuitwa hivyo, makao nayo yanakwenda.

Mama ya rafiki yangu mmoja alivuna chai kwa kampuni moja tangu akiwa msichana. Alizaa watoto wanne kambini na akapanda sukuma wiki nyuma ya nyumba. Alijua jirani yupi anakoroma na yupi anaomba saa kumi alfajiri. Kazi ilipoisha alipewa muda wa kuhama, akatafuta pikapu, akapakia kitanda, sufuria na godoro. Nilimsaidia kubeba kabati. Nikamuuliza, "Mama, sasa mnaenda wapi?" Akanijibu, "Weri, kwanza tutoke hapa. Mengine tutajua huko mbele." Watoto wake hawakuwa na kitu cha kurithi pale, hata ule mti wa parachichi aliopanda mwenyewe.

Huyo ni mmoja tu. Wengine wengi wameyaona hayo kwa sababu ya mashine. Kikosi kazi kilichoundwa na kaunti ya Kericho kilisema mwaka 2023 kwamba kazi zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea katika miaka kumi kwa sababu ya mashine za kuvuna majanichai, na kwamba mashine moja inaweza kuchukua nafasi ya watu 100. Mei mwaka huo huo waandamanaji waliteketeza mashine kadhaa mashambani. Habari zilizungumzia ajira, na ni sawa. Lakini kwa kambi, ajira na nyumba ni kitu kimoja. Ukimwambia mtu wa mjini kazi imeisha, atatafuta nyingine akiwa kwake. Mtu wa kambi anaambiwa kazi imeisha na pia atafute pa kulala, wiki ile ile.

Halafu kuna suala la nani ndiye landilodi. Mashamba ya Brooke Bond yaliingia mikononi mwa Unilever miaka ya 1980. Mwaka 2022 Unilever ikauza biashara yake ya chai, na mwaka 2024 yakatangazwa kuuzwa tena kwa kampuni ya Browns kutoka Sri Lanka. Browns hiyo hiyo ilikuwa imenunua mashamba ya James Finlay mwaka 2023. Kila mara jina kwenye lango lilibadilika huku watu wakiendelea kulala ndani ya nyumba zile zile. Hakuna familia ya kambini iliyokuwa na hati ya kuweka mezani wakati wa mazungumzo.

Nairobi nayo ilianza hivyo hivyo

Ukidhani haya ni mambo ya mashambani, pitia Landhies Road siku moja. Jina hilo linatokana na neno la watu wa reli la kuita nyumba za wafanyakazi. Muthurwa, pale kando yake, ilijengwa na reli kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Makongeni pia. Nairobi yenyewe ilizaliwa kama kambi ya reli mwaka 1899, na kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika mjini kama mtu wa kupita tu: aje afanye kazi, alale kwa kitanda chake ndani ya chumba cha wanaume, mkataba ukiisha arudi kwao.

Kwa hiyo kambi ya chai na mtaa wa reli ni ndugu wa baba mmoja. Wa Muthurwa alikutana na swali letu mapema.

Mwaka 2006, reli ilipokabidhiwa mwekezaji binafsi, mali kadhaa za shirika, Muthurwa ikiwemo, zilikwenda kwa hazina ya pensheni ya wafanyakazi wa reli. Julai 2010 wapangaji wakaambiwa wahame, eneo lijengwe upya. Maji yakakatwa, bomoabomoa ikaanza. Baadhi ya waliokuwa wakifukuzwa walikuwa wastaafu wa reli. Hebu fikiria hiyo hesabu: hazina ya kumtunza mzee akistaafu ndiyo inamwondoa mzee kwa nyumba.

Wakazi walienda kortini wakitumia Katiba ya 2010, ambayo kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kuwa haki zao zilikiukwa. Korti haikusema nyumba ni zao. Ilitaka pande zote ziketi na kupanga namna ya kuhama inayoheshimu utu wa watu. Huo ni ushindi, lakini uangalie kwa makini: hata ukishinda kesi, unashinda namna ya kuondoka. Kubaki ni jambo jingine.

Mitaa ya baraza la jiji ilikuwa tofauti kidogo. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilipangwa na bustani, shule na ukumbi ambao wanasiasa Waafrika waliutumia sana kabla ya uhuru. Bahati, Mbotela na Jericho ni wa familia hiyo. Hapa landilodi alikuwa baraza, sasa ni kaunti, na kodi ilikuwa ya chini. Ukifutwa kazi hukuhama siku hiyo. Ndiyo maana kuna familia Eastlands zilizokaa kwa nyumba moja vizazi vitatu, na ndiyo maana mitaa hiyo imetoa wanasoka, wanamuziki na lugha ya Sheng yenyewe. Watu wakikaa mahali muda mrefu bila hofu, wanatengeneza vitu.

Lakini hata wao ni wapangaji. Kaunti ikitaka kubomoa na kujenga ghorofa, wanachoshika mkononi ni risiti za kodi.

Kanaani ya Soweto Mashariki

Kesi ambayo kila kijana anayeota fleti ya serikali anapaswa kuijua ni ya Kibera. Mwaka 2004 serikali na UN-Habitat walianzisha mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, wakaanza na Soweto Mashariki. Septemba 2009, watu wa kwanza walihamishiwa fleti 600 za muda huko Lang'ata, ili mabanda yao yavunjwe na nyumba mpya zijengwe pale pale. Wakazi wakaupa mtaa huo jina la Kanaani, nchi ya ahadi.

Fleti moja ilikuwa na vyumba vitatu. Familia zikagawana: wewe chumba hiki, wale chumba kile, jikoni na choo ni chetu sote. Chumba kilikuwa Sh1,000 kwa mwezi, mbali na maji na stima. Kwa mtu aliyezoea choo cha kulipia na mtaro wa maji machafu mlangoni, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kwa mtu aliyeishi kwa kutegemea kibanda chake cha kuuza samaki nje ya mlango, ilikuwa pigo, kwa sababu wateja hawapandi ghorofa ya nne kununua omena.

Ikachukua karibu miaka saba. Julai 2016, Rais Uhuru Kenyatta alikabidhi fleti 822 pale Soweto Mashariki. Wakazi walikuwa wameunda ushirika wa akiba ili kuchangia amana ya kununua. Wengine wapo hadi leo, wamepamba sebule na watoto wamekua humo. Wengine walipangisha fleti kwa mtu mwenye mshahara wa kueleweka, wao wakarudi kwa mabanda na kuishi kwa ile pesa ya kodi.

Watu wa nje huwacheka hao waliorudi, ati mtu wa mabanda hata umpe ghorofa atarudi mabanda. Mimi sicheki. Huyo mtu alifanya hesabu. Fleti inataka pesa kila mwezi, tarehe ile ile. Kibarua chake kinampa pesa leo, kesho hapana. Badala ya kungoja siku ya kushindwa na kuondolewa, aliigeuza nyumba kuwa kazi. Alijibu lile swali letu mwenyewe, mapema.

Mukuru na fleti za sasa

Mei 2025, Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba 1,080 za kwanza Mukuru, kando ya Enterprise Road. Nyumba ndogo kabisa ni Sh3,900 kwa mwezi, na ukimaliza kulipa inakuwa yako. Kwa anayeijua Nairobi, hiyo ni bei ya kushtua. Kuna mabanda ya mabati yanayolipiwa kiasi cha kukaribia hapo, na choo kiko nje. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 68,000 kwa kila kilomita moja ya mraba eneo la Mathare. Jiji lililobanana hivyo haliwezi kuachia wenye ploti binafsi kazi yote. Mimi ninayeishi kwa jengo ambalo jua halifiki ghorofa ya kwanza siwezi kusema nyumba za umma hazihitajiki.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inawagawa watu kwa mapato. Chini ya Sh20,000 kwa mwezi, uko kundi la nyumba za jamii, zile za bei ya chini zaidi. Kuanzia Sh20,000 hadi Sh149,000, uko kundi la bei nafuu. Huwezi kugawiwa zaidi ya nyumba moja, na huwezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi. Nia ni kuzuia matajiri wasinunue ghorofa nzima, na nia hiyo naiunga mkono.

Lakini soma tena ukiwa na macho ya kambi ya chai. Mtu wa Mukuru anafanya kazi Industrial Area, wengi kwa kibarua cha siku. Kiwanda kikileta mashine, au kikihama, Sh3,900 zinatoka wapi? Akikosa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, nini kinafuata? Alicholipa miaka minane kinarudi mfukoni mwake, au kinapotea? Kama jibu haliko wazi kwa karatasi aliyotia sahihi, basi bado yuko kambini. Tofauti ni kuwa kambi hii ina ghorofa na vigae.

Kuna waliolipatia jibu

Vienna, mji mkuu wa Austria, umekuwa ukijenga nyumba za jiji tangu miaka ya 1920, wakati ule ule Kericho ikijenga kambi. Kule mapato yako yanaangaliwa unapoingia. Ukishaingia, mkataba hauna mwisho, na mshahara ukipanda au kushuka hufukuzwi kwa sababu hiyo. Singapore ilichukua njia nyingine: karibu asilimia 80 ya watu wanaishi kwa fleti zilizojengwa na serikali, wengi wakizishikilia kwa hati ya miaka 99 ambayo wanaweza kuuza au kurithisha kwa masharti.

Nchi hizo zina pesa, najua. Lakini kilichowapa wakazi wake usingizi ni maandishi. Mmoja anajua hatatolewa, mwingine anajua anamiliki. Vyote viwili ni karatasi, na karatasi haihitaji saruji wala mkopo wa Benki ya Dunia.

Kabla hujatia sahihi

Kwa hivyo wewe unayejisajili Boma Yangu, au unayemsaidia mzazi wako kujisajili, usisimame kwa picha za sebule. Uliza mambo haya, na udai majibu kwa maandishi.

Jina la nani liko kwa mkataba? Kama mnaishi wawili na mnachanga wote, majina yawe mawili. Ukikosa kulipa, unapewa miezi mingapi, na kuna nafasi ya kupunguziwa ukifutwa kazi? Ukiondoka, unarudishiwa kiasi gani cha ulichokwisha kulipa? Ukifa, watoto wanaendelea au wanaanza foleni upya? Na zaidi ya yale malipo ya mwezi, kuna ada gani za lifti, taka, maji na ulinzi, na nani anaruhusiwa kuzipandisha?

Kwa upande wa Kericho na Bomet, kuna jambo la wazi zaidi. Wavunaji wanakatwa ushuru huu kama mfanyakazi mwingine yeyote. Basi kaunti hizi zikijengewa nyumba, anayetoka kambini kwa sababu ya umri au mashine awe mbele kwenye foleni, asiwe nyuma ya karani wa mjini. Notisi ya kuhama kambini iende sambamba na mahali pa kwenda. Na vyama vya wafanyakazi vinapojadili mshahara na kampuni, nyumba baada ya kazi iwe kwa ajenda, kama vile pensheni ilivyo.

Na kama una mzazi kambini leo, usingoje notisi. Keti naye wikendi moja. Mjue amebakisha miaka mingapi ya kazi, akiba yake iko kwa ushirika gani, na kama kuna kipande cha ardhi nyumbani ambacho ndugu wamekisahau au wamekikalia. Ni mazungumzo magumu, hasa na mzazi ambaye amezoea kusema Mungu atafungua njia. Lakini ni afadhali kuyafanya jikoni kwake, moto ukiwaka na chai ikiwa kwa kikombe, kuliko kuyafanya kando ya barabara, godoro likiwa juu ya pikapu.